Gobore na hewa ya bahari: mwongozo kamili wa kuchagua baruti na kusafisha kasiba ili shabaha itulie

Piga risasi tano kwa gobore, bunduki inayoshindiliwa kupitia mdomo, bila kugusa kasiba, yaani mtutu wake, kisha itazame karatasi ya shabaha. Tundu la kwanza limejitenga peke yake. La pili na la tatu yamekaribiana. La nne limepanda juu, na la tano liko pembeni kabisa, tena gololi yake uliisukuma kwa mikono miwili mpaka jasho likakutoka. Mpigaji mpya hulaumu macho, kisha mkono, kisha bunduki. Kosa ni la masizi. Kila risasi iliikuta kasiba katika hali isiyofanana na ile iliyotangulia, ndiyo maana kila moja ikashika njia yake.

Shabaha ya gobore ni kufanana: baruti ile ile, kipimo kile kile, mkandamizo ule ule, na kasiba iliyo katika hali ile ile kila mara. Baruti uliyoichagua ndiyo inayoamua utapata masizi ya namna gani, na masizi hayo ndiyo yanayoamua utasafisha vipi na mara ngapi. Kwa hiyo kuchagua baruti na kusafisha ni kazi moja, hasa kwetu Mombasa ambako chuma kikiachwa wazi usiku mmoja asubuhi kimeshabadilika rangi.

Mzee aliyenifundisha alikuwa fundi chuma wa Mji wa Kale. Siku ya kwanza hakunipa baruti hata chembe. Alinipa ndoo, leso kuukuu na mdeki, ule ufito wa kushindilia.

"Mwanangu, kwanza nione unavyoosha."

"Lakini mzee, sijapiga hata mara moja."

"Ndiyo maana nataka nione."

Nilinung'unika kimoyomoyo. Sasa mtu akiniomba nimfundishe, naanza naye hapo hapo kwenye ndoo.

Kabla ya yote: kibali na usalama

Nchini Kenya bunduki iko chini ya Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, na leseni hutolewa na Bodi ya Leseni za Silaha. Gobore la babu lililokaa darini halijihalalishi kwa sababu ni la zamani. Liulizie kwanza kwa wenye mamlaka, wala usilitoe nje kulijaribu. Baruti nayo ni kilipuzi na ina sheria yake, Sura ya 115. Inunuliwe kwa muuzaji mwenye kibali, na isitengenezwe nyumbani hata kidogo. Achilia mbali hatari ya kuungua: baruti ya kienyeji haina punje sawa wala nguvu sawa, na shabaha nzuri haiwezi kutoka humo.

Na gobore lolote, hata la urithi wa kweli, lipitie kwa fundi wa bunduki anayelijua kabla ya kupigwa. Kutu iliyojificha mwisho wa kasiba haionekani kwa macho.

Baruti: ujue unachomimina

Baruti nyeusi ni shura (nitrati ya potasiamu), makaa na kiberiti (salfa), takriban 75, 15 na 10 kwa mia. Inapoungua, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki hewa. Hubaki kama chembe ngumu, nyingine zikitoka na ule moshi mweupe, nyingine zikiganda ndani ya kasiba. Masizi hayo si moshi wa jikoni. Yamejaa chumvi za potasiamu, na chumvi hizo hunyonya unyevu kutoka hewani kama vile chumvi ya mezani inavyolowa wakati wa mvua za masika. Hapo kuna habari njema na mbaya. Njema ni kwamba huyeyuka kwa maji matupu. Mbaya ni kwamba katika hewa ya pwani yatavuta maji yenyewe, bila wewe kuyaita, na chuma kitaanza kuliwa kabla hujafika nyumbani.

Baruti hupangwa kwa ukubwa wa punje, na alama yake ni herufi F. F zikiwa chache punje ni kubwa na huungua taratibu. Zikiwa nyingi punje ni ndogo na huungua haraka. Kwa ujumla F mbili hutumika kwenye bunduki za kaliba (upana wa tundu la kasiba) ya 50 na kuendelea, F tatu kwenye kaliba ya 45 na chini yake pamoja na bastola. F nne ni ya kuwashia tu, kwenye kisahani cha bunduki ya gumegume, ile inayowashwa kwa cheche za jiwe, na haimiminwi ndani ya kasiba kama shehena, yaani baruti ya kurusha gololi. Wapigaji wengi wa kaliba ya 50 hupenda F tatu kwa sababu huungua safi zaidi na huacha masizi machache. Mimi ni mmoja wao, lakini ukihama kutoka F mbili kwenda F tatu punguza kipimo kwa 10 hadi 15 kwa mia, kwa kuwa msukumo wake ni mkali zaidi. Neno la mwisho ni la kijitabu cha mtengenezaji wa bunduki yako: kiwango cha juu alichokiandika hakivukwi.

Aina za baruti nazo hazilingani. Swiss ina nguvu kuliko nyingi na huacha masizi laini yanayofutika upesi. Goex na Schuetzen ni baruti njema pia, ila kipimo kilichokaa vizuri kwa mojawapo hakihamishiki kwa nyingine bila kujaribiwa upya. Ukipata aina inayoelewana na bunduki yako, kaa nayo.

Kuna pia baruti mbadala. Pyrodex hupimwa kwa ujazo ule ule wa baruti nyeusi, ingawa yenyewe ni nyepesi kwa uzito, kwa hiyo usiipime kwa mizani ukidhani ni sawa. Masizi yake yana chumvi za kloraidi, jamaa ya chumvi ya baharini. Kwa mtu wa Nyali au Likoni anayepambana na chumvi kila siku, kuiongeza ndani ya kasiba kwa mkono wake mwenyewe ni jambo la kufikiria mara mbili. Triple Seven haina kiberiti, huoshwa kwa maji bila harufu ya yai viza, na ina nguvu zaidi: mtengenezaji husema upunguze ujazo kwa 15 kwa mia ili ulingane na baruti nyeusi. Kasoro yake ni pete ya masizi magumu inayojijenga pale shehena inapokaa, nayo huzuia gololi inayofuata isifike chini sawasawa. Mbadala zote mbili huhitaji moto mkali zaidi kuwaka, hivyo haziwafai wenye gumegume. Kwa mwenye bunduki ya fataki, ile kofia ndogo ya kuwashia inayogongwa na nyundo, zinafaa. Mimi nimebaki na baruti nyeusi, kwa sababu uchafu wake ninaujua na maji ninayo.

Jambo moja liandike kwenye kifuniko cha sanduku lako la vifaa: baruti ya kisasa isiyotoa moshi, ile ya kwenye risasi za maganda, haiingii kwenye gobore. Si kidogo, si kwa kuchanganya. Shinikizo lake hupasua kasiba, na kasiba iko karibu na uso wako.

Kiraka, gololi na mafuta

Gololi ya madini ya risasi haigusi mifuo ya kasiba, ile mifereji inayozunguka ndani yake, moja kwa moja. Inavishwa kiraka cha kitambaa, nacho ndicho kinachoshika mifuo, kinachoizungusha gololi, na kinachofuta masizi inaposhindiliwa. Kwa kasiba ya kaliba ya 50, yaani milimita 12.7, gololi ya kawaida ni ya inchi 0.490, na kiraka cha kuanzia kina unene wa karibu inchi 0.015, ambao ni kama milimita 0.4.

Kitambaa kiwe pamba tupu iliyofumwa kwa kubana. Marikani nzuri iliyofuliwa mara mbili kuondoa wanga inafaa sana. Kitambaa chenye nyuzi za plastiki huyeyuka ndani ya kasiba. Kama huna hakika, chukua uzi mmoja uuchome, ukiwa mbali kabisa na baruti: pamba hugeuka jivu na kunuka kama karatasi, plastiki hujikunja kuwa kidonge kigumu.

Mafuta ya kiraka yawe ya mimea au ya wanyama. Mafuta ya gereji, yatokanayo na mafuta ghafi, huungana na moto wa baruti yakawa kama lami, nawe utayakwangua jioni nzima. Mafuta ya nazi tunayo tele, ila hapa yanahitaji msaada. Huganda chini ya nyuzi 24 hivi, na mchana Mombasa kwa kawaida huwa na joto zaidi ya hapo, kwa hiyo uwanjani yatakuwa maji kwenye kikopo na yatalowesha baruti. Yayeyushe pamoja na nta ya nyuki kwenye chombo kilichowekwa ndani ya maji moto, kidogo kidogo, mpaka mchanganyiko ukipoa uwe laini kama samli iliyoganda. Wakati wa kaskazi tia nta zaidi, wakati wa kusi ipunguze.

Kutafuta kipimo chako uwanjani

Anza na kasiba isiyo na mafuta ya hifadhi. Pitisha kitambaa chenye spiriti, kisha kikavu viwili. Kwa bunduki ya fataki, elekeza mdomo wa kasiba kwenye majani yaliyo mbele ya uwanja, ukiwa hujatia baruti, na ulipue fataki mbili. Majani yakitikisika, njia ya moto iko wazi. Yasipotikisika, usishindilie chochote mpaka ujue kilichoziba.

Mdeki wako uwe na alama mbili. Ya kwanza inaonyesha unapofika kasiba ikiwa tupu. Ya pili inaonyesha unapofika gololi ikiwa imekaa juu ya baruti. Alama ya kwanza imeokoa watu wengi waliodhani bunduki haina kitu. Ya pili inakuhakikishia hakuna nafasi kati ya gololi na baruti, kwani nafasi hiyo inaweza kuivimbisha kasiba au kuipasua.

Baruti ipimwe kwa kipimo cha shaba au cha pembe, kisha imiminwe kutoka kwenye kipimo hicho. Usiinamishe chupa au pembe ya baruti juu ya mdomo wa kasiba: kaa moja lililobaki ndani linatosha kuwasha chupa nzima mkononi mwako. Kipimo kijaze vile vile kila mara, ukigonge idadi ile ile, ukifute juu.

Kwa kaliba ya 50 watu huanza na greni 50, sawa na gramu 3.2 hivi. Ukiwa umeketi na bunduki imelala juu ya mfuko wa mchanga, piga tano kwa umbali wa mita 50. Panda kwa greni tano, piga tano nyingine kwenye karatasi mpya, na uendelee hivyo ndani ya kiwango cha mtengenezaji. Andika kila karatasi kipimo, aina ya baruti, kiraka, mafuta na hali ya hewa. Usitazame kama umepiga katikati, hilo ni la kurekebisha baadaye. Tazama matundu yalivyokusanyika. Yatasogeleana, kisha yatatawanyika tena, na pale yaliposogeleana ndipo bunduki yako inapopenda. Kwa wengi huwa chini sana ya kiwango cha juu.

Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Aliyebadilisha baruti na kiraka pamoja hajui alichojifunza.

Baada ya milio michache, na uwanja ukishatangazwa salama, nenda hatua chache mbele ukaokote viraka. Viraka hivyo ndizo barua bunduki inazokuandikia. Kiraka chenye duara jeusi katikati na ncha zilizochanikachanika kidogo ni kizima. Kilichoungua tundu katikati kinalalamikia wembamba, ukavu au baruti nyingi. Kilichokatwa kwa mistari kinasema mdomo wa kasiba au mifuo ina makali, jambo la kawaida kwa kasiba mpya.

Kufuta kati ya risasi

Mwenzangu mmoja alifuta kasiba kila alipokumbuka: baada ya risasi mbili, kisha baada ya nne, kisha baada ya moja. Karatasi yake ilikuwa kama ungo. Alipoanza kufuta baada ya kila risasi, kwa namna moja, matundu yake yalikusanyika siku hiyo hiyo, bila kubadilisha kitu kingine chochote.

Kitambaa kilowe maji yenye tone la sabuni ya vyombo, kisha kikamuliwe. Kiwe na unyevu, kisichuruzike. Maji yakizidi yatasukuma tope la masizi hadi chini, yaingie kwenye njia ya moto, na fataki inayofuata italia peke yake. Kishushe mara moja taratibu mpaka chini, subiri pumzi mbili, kitoe. Kigeuze, rudia. Kisha kitambaa kikavu. Ndipo baruti iingie. Haya yote hufanywa kasiba ikiwa tupu na kichuchu, kile kijitundu kinachovishwa fataki, kikiwa hakina fataki. Unaposhindilia, uso na kifua visiwe juu ya mdomo wa kasiba. Kupuliza kwa mdomo, kama wazee wengine walivyozoea, kuache.

Hewa yetu hapa inasaidia kidogo: unyevu huyaweka masizi laini. Ukipanda bara kwenye ukavu, masizi yale yale hukauka kama ukoko wa ubwabwa, nawe utahitaji kitambaa chenye unyevu zaidi na mafuta zaidi kwenye kiraka. Wapo wapigaji wa pwani waliofika bara na vipimo vyao vizuri wakashangaa gololi ya tatu haishuki.

Katika mashindano ya kimataifa ya MLAIC, muungano wa vyama vya wapigaji wa bunduki za kushindilia ulioanzishwa 1971, mpigaji hupewa dakika 30 kwa risasi 13, na 10 bora ndizo zinazohesabiwa. Ukigawanya, unapata zaidi ya dakika mbili kwa kila risasi, muda unaotosha kufuta bila haraka. Jizoeze kwa mwendo huo huo.

Fataki ikilia na bunduki isilie, ishikilie ikielekea shabaha kwa dakika nzima au zaidi. Usiiinamishe kuitazama.

Kuosha, siku ile ile

Nenda Ngomeni, pale Fort Jesus ilipo tangu Wareno walipoanza kuijenga mwaka 1593, uitazame mizinga ya chuma inayokabili bahari. Ndivyo hewa hii inavyofanya kwa chuma kinene. Kasiba yako ni nyembamba kuliko hiyo, na ndani ina masizi yanayovuta maji. Usisubiri kesho.

Sasa suala la maji, na hili ndilo lililonigharimu. Miaka yangu ya mwanzo niliosha kwa maji ya kisima cha uani. Visima vingi vya kisiwani vina maji ya chumvichumvi, kila mtu anajua hayakolezi povu. Niliosha vizuri, nikakausha vizuri, na bado kutu ikaota. Nilikuwa nikiondoa chumvi ya baruti na kuacha chumvi ya kisima. Tumia maji ya mvua, au maji ya mfereji yanayotoka chemchemi za Mzima, na kama hayo mawili hayapo nunua chupa ya maji ya kunywa.

1. Hakikisha kwa mdeki kuwa kasiba ni tupu. Fanya hivyo hata kama unajua.

2. Ondoa kasiba kwenye ubao ikiwa bunduki yako inaruhusu, na ufungue kichuchu. Kama kasiba haitoki, ziba njia ya moto kwa kijiti, jaza maji, geuza umwage, rudia.

3. Tia mwisho wa kasiba kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo. Funga kitambaa kwenye mdeki, ushushe na kupandisha kama pampu, maji yaingie na kutoka kwenye njia ya moto. Yatatoka meusi, na kwa baruti nyeusi yatanuka yai viza. Ni kile kiberiti kinachoondoka. Endelea mpaka yatoke meupe, ubadilishe maji, urudie.

4. Maji yasiwe yanayochemka. Wengi hupenda yale kwa kuwa chuma hukauka chenyewe, lakini chuma cha moto katika hewa yetu huota kutu nyembamba ya rangi ya machungwa hapo hapo mbele ya macho yako. Jiki nayo isikaribie, ni sumu kwa chuma.

5. Kausha kwa vipande vya leso kuukuu, kimoja baada ya kingine, mpaka kimoja kitoke kikavu na cheupe. Hapa ndipo watu huchoka. Kile cha nane ndicho kinachosema kweli, cha tatu bado hudanganya.

6. Sugua kichuchu kwa mswaki wa zamani, pitisha waya mwembamba kwenye tundu lake, paka grisi kidogo kwenye nyuzi zake kabla ya kukirudisha. Futa mtambo na nyundo, kwani moshi wa fataki na wa baruti hufika huko pia.

7. Paka mafuta ya bunduki ndani na nje, safu nyembamba. Haya yanaweza kuwa yatokanayo na mafuta ghafi kwa sababu ni ya hifadhi. Kabla ya kupiga tena yataondolewa kwa spiriti.

Hifadhi bunduki chini ya kufuli, mdomo wa kasiba ukiangalia chini juu ya kitambaa, ili mafuta yasichuruzike kwenye njia ya moto na kwenye ubao. Isikae ndani ya mfuko wa ngozi au wa sponji, hiyo hushika unyevu. Vifuko vya silika vibadilishwe au vikaushwe mara kwa mara, hasa masika. Baruti ibaki kwenye kopo lake la asili, kifuniko kimekazwa, mbali na joto na mbali na bunduki.

Kesho yake asubuhi pitisha kitambaa cheupe chenye mafuta. Kikitoka na rangi ya machungwa, rudi hatua ya tatu bila kujilaumu, paka upya. Pitisha kingine baada ya siku tatu, na kingine baada ya wiki. Kile cha wiki kikitoka cheupe, funga kabati, na tangu hapo litazame mara moja kwa mwezi, mara mbili kusi ikivuma na mvua.